Meno ya juu kuanza tena kuyafunika ya chini baada ya kutolewa nyaya

Simama mbele ya kioo, funga kinywa mpaka magego ya juu na ya chini yagusane, kisha funua midomo. Kwa kawaida meno ya mbele ya juu huyafunika ya chini kwa theluthi moja hivi ya urefu wake, yaani milimita 2 hadi 3. Sehemu kubwa ya meno ya chini huonekana. Ikiwa nusu yake au zaidi imefichika, daktari wa meno atasema mfuniko umezidi. Kuna watu ambao meno yao ya chini hayaonekani kabisa wakifunga kinywa, na ncha zake hugusa ufizi wa kaakaa nyuma ya meno ya juu.

Makala haya yanawahusu waliokwisha kutibiwa hali hiyo. Walivaa nyaya mwaka mmoja na nusu, miwili au zaidi, mfuniko ukapungua, nyaya zikatolewa. Baada ya miaka michache wanagundua kwamba meno ya chini yanaanza kupotea tena. Yanawahusu pia wazazi ambao mtoto wao ametolewa nyaya juzi na wanadhani kazi imekwisha.

Jambo moja huwachanganya wengi, nalo ni hili: safu ya meno kunyooka na mfuniko kuwa wa kiasi ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kuwa na meno yaliyonyooka sawasawa, hakuna hata moja lililopanda juu ya jingine, na bado mfuniko ukawa unaongezeka mwaka hadi mwaka. Anayejitazama kwenye kioo huangalia kama meno yamepinda. Ni wachache wanaoangalia kina.

Matibabu yalibadilisha nini hasa

Mfuniko mkubwa una vyanzo viwili vikuu, na mara nyingi huwa vyote viwili kwa pamoja. Huenda meno ya mbele yameota kupita kiasi kwa sababu hayakukutana na kitu cha kuyazuia. Au magego hayakuota vya kutosha, hivyo taya mbili zikakaribiana mno kinywa kinapofungwa. Ukiyatazama meno ya chini ya mtu huyu kutoka ubavuni, mara nyingi utaona mstari wake umepinda kama dau: meno ya mbele yako juu, ya katikati yamezama, ya nyuma yamepanda tena.

Nyaya hunyoosha mstari huo. Hufanya hivyo kwa kuyasukuma meno ya mbele yarudi kidogo ndani ya mfupa, au kwa kuyaacha meno ya pembeni na ya nyuma yapande, au yote mawili. Kwa mtoto anayekua, kupandisha magego ni rahisi kwa sababu taya inarefuka na kutoa nafasi. Kwa mtu mzima taya haikui tena, na misuli ya kutafuna huyakandamiza magego yaliyopandishwa kila anapokula. Ndiyo maana kwa watu wazima madaktari wengi hupendelea kuyasukuma meno ya mbele kuelekea mfupani, na hali ikiwa mbaya sana, upasuaji wa taya huzungumziwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kwa nini mfuniko umerudi, inafaa kujua ulipunguzwa kwa njia ipi na ukiwa na umri gani. Daktari aliyekutibu ana picha na vipimo vya kabla na baada.

Kwa nini haukai ulipowekwa

Jino halikugandishwa na mfupa. Linaning'inia ndani ya tundu lake kwa nyuzi ndogo sana, na nyuzi nyingine hulifunga kwenye ufizi unaolizunguka. Jino linaposogezwa, nyuzi hizo huvutwa. Zilizo ndani ya tundu hujipanga upya katika miezi 3 hadi 4 hivi baada ya nyaya kutolewa. Za ufizi huchukua miezi 4 hadi 6, na zile zenye mnyumbuko, zilizo karibu na shingo ya jino, huweza kukaa mwaka mzima au zaidi zikiwa bado zimevutika. Mtaalamu wa Norway, Kaare Reitan, alionyesha jambo hili mwaka 1959 kwa majaribio ya mbwa: nyuzi za ufizi zilikuwa bado hazijarudi katika hali yake hata baada ya siku 232 za kushikilia meno yaliyozungushwa. Hiyo ndiyo sababu mwaka wa kwanza huwa na masharti makali kuliko miaka inayofuata.

Lakini nyuzi peke yake hazielezi kwa nini mfuniko wa mtu hurudi baada ya miaka 4 au 5. Hapo kuna sababu nyingine, na kwa maoni yetu moja kati ya hizo hupewa nafasi ndogo mno katika maelezo ambayo wagonjwa hupata: mahali pa meno ya chini kutua.

Nyuma ya kila jino la mbele la juu, karibu na ufizi, kuna uvimbe mdogo. Pitisha ncha ya ulimi utausikia. Kinywa kinapofungwa vizuri, ncha za meno ya chini hutua kwenye uvimbe huo au karibu nao, na kusimama hapo. Hicho ndicho kizuizi cha asili. Meno ya mbele yote huendelea kuwa na tabia ya kuota taratibu maisha yote, na kinachoyazuia ni kukutana na wenzake. Sasa, kuna watu ambao meno yao mawili ya mbele ya juu yamelala kuelekea ndani, kama paa linaloinamia kinywani. Kwao meno ya juu na ya chini husimama wima mno yakitazamana, na ya chini huteleza kuelekea juu bila kukutana na chochote mpaka yafike kwenye ufizi. Matibabu mazuri kwa watu hawa hayaishii kwenye kupunguza mfuniko. Hugeuza pia mizizi ya meno ya juu ili sehemu inayoonekana isimame kwa pembe inayofaa na ya chini yapate pa kutua. Kazi hiyo ya kugeuza mizizi ni ya polepole, haionekani kwenye kioo, na huja mwishoni mwa matibabu, wakati mgonjwa amechoka na anaomba nyaya zitolewe kabla ya harusi au kabla ya kwenda chuoni. Nyaya zikitolewa kabla haijakamilika, meno yataonekana mazuri kwenye picha, lakini kizuizi hakipo.

Ukuaji ni sababu ya tatu. Katika miaka ya 1950, Arne Björk wa Copenhagen aliweka vipini vidogo vya chuma katika taya za watoto na kuwafuatilia kwa picha za eksirei kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba taya ya chini hairefuki tu, bali hujizungusha inapokua. Kwa wengine huzunguka kuelekea mbele na juu. Hao ndio wenye uso mfupi, taya pana zenye pembe na misuli ya kutafuna yenye nguvu, na ndio hasa wanaopatwa na mfuniko mkubwa. Ikiwa meno yao ya mbele hayana pa kutua, kila taya inavyozunguka mfuniko huongezeka. Ukuaji huu wa kimo huendelea hadi mwishoni mwa ujana, na kwa wavulana huchelewa kuliko wasichana. Mtoto aliyetolewa nyaya akiwa na miaka 14 ana miaka kadhaa ya ukuaji mbele yake, na uso ule ule uliosababisha tatizo ndio unaoendelea kukua.

Kuna pia kupoteza magego. Kwetu gego linalouma sana mara nyingi hung'olewa, kwa sababu kuliziba au kutibu mzizi ni ghali au hakupatikani karibu. Gego moja likitoka, hali huenda isibadilike sana. Yakitoka kadhaa pande zote mbili, nguzo zinazozuia taya zisikaribiane zimeondoka, na meno ya mbele hubeba mzigo ambao si wake. Mtu aliyewahi kutibiwa mfuniko mkubwa ana sababu ya ziada ya kuuliza kama gego linaweza kuokolewa, na kama haliwezekani, pengo litajazwa na nini.

Magego ya mwisho, yale yanayoota ukubwani, yamelaumiwa kwa miaka mingi kwamba huyasukuma meno ya mbele na kuharibu kazi ya nyaya. Utafiti haujaunga mkono wazo hilo. Yapo mazuri ya kuyang'oa yakiwa yameoza au yameleta usaha, lakini kuyang'oa ili kulinda meno ya mbele si sababu ya kutosha.

Riteina yako inazuia nini

Baada ya nyaya, mgonjwa hupewa kifaa cha kushikilia meno, ambacho wengi hukiita riteina. Ziko za aina tatu zinazotumika zaidi, na hazifanyi kazi moja.

Waya uliogandishwa kwa gundi nyuma ya meno 6 ya mbele ya chini, kutoka chonge hadi chonge, huyashikilia meno hayo kando kwa kando. Yasipinde, yasipandane. Kwa kazi hiyo ni mzuri sana, tena mgonjwa hahitaji kukumbuka kuuvaa. Lakini fikiria watu 6 walioshikana mikono ndani ya lifti: hakuna anayemwacha mwenzake, ila wote wanaweza kupanda pamoja. Waya huu hauyazuii meno 6 yasipande kwa pamoja kuelekea kaakaa. Mtu anaweza kuwa na waya mzima, safi, usiolegea, na mfuniko ukarudi mbele ya macho yake. Waya wa namna hiyo ukiwekwa nyuma ya meno ya juu una tatizo jingine: mfuniko ukiwa mkubwa, meno ya chini huugonga kila mtu anapotafuna, gundi huachia upande mmoja, na jino lililoachwa huanza kusogea bila mwenyewe kujua.

Riteina ya plastiki ngumu inayong'aa, inayofunika meno yote kama ganda, hushikilia safu, na kwa kuwa imekumbatia meno ya mbele na ya nyuma pamoja hushikilia pia kimo cha jino moja kwa jirani yake, mradi ifunike mpaka gego la mwisho. Gego likiachwa nje linaweza kupanda peke yake. Udhaifu wake ni kwamba mtu mwenye misuli yenye nguvu huitoboa, na mara nyingi tundu hutokea mbele, pale pale ambapo meno ya chini hugonga. Ukiona tundu au ufa hapo, haifanyi tena kazi uliyoinunulia.

Aina ya tatu ni ile ya kuvaa na kuvua yenye sahani ya plastiki kwenye kaakaa na waya unaopita mbele ya meno. Hii inaweza kutengenezwa ikiwa na kizingiti kidogo cha plastiki nyuma ya meno ya mbele ya juu. Meno ya chini yakianza kupanda, hukutana na kizingiti hicho na kusimama, huku magego yakibaki huru kuota kufuatana na ukuaji wa uso. Kwa kijana ambaye bado anakua na aliyekuwa na mfuniko mkubwa, madaktari wengi huipendelea kwa sababu hiyo, na huagiza ivaliwe usiku kwa miaka kadhaa, hadi ukuaji uishe. Si nzuri kwa macho kama ile ya ganda, na siku za kwanza humfanya mtu aongee kwa kitembe. Vijana huilalamikia, na kwa haki yao.

Swali la kumwuliza daktari, basi, si "nitapewa riteina?" Kila mtu hupewa. Uliza: "Ni kitu gani kitakachozuia mfuniko usirudi?" Jibu linaweza kuwa kizingiti, au kwamba meno yako sasa yana pa kutua, au kwamba utavaa waya chini na kifaa kingine juu. Jibu likiwa ni waya wa chini peke yake, na ulianza ukiwa na meno ya chini yaliyofichika kabisa, endelea kuuliza.

Kiasi gani ni cha kawaida, na lini uwe na wasiwasi

Mfuniko kurudi kidogo ni jambo linalotarajiwa. Madaktari wengi hulijua na huupunguza kupita kiasi kidogo wakati wa matibabu ili ukirudi ubaki pazuri. Milimita moja katika miaka ya kwanza si sababu ya hofu.

Muone daktari wa meno ikiwa meno ya chini yaliyokuwa yakionekana sasa yamefichika zaidi ya nusu, ikiwa riteina inabana kwa namna mpya ingawa unaivaa kama ulivyoagizwa, au ikiwa meno ya mbele ya chini yameanza kubanana. Dalili hii ya mwisho huwashangaza watu: meno ya chini yanapopanda nyuma ya ya juu, nafasi yake huwa finyu, hivyo husukumana na kupinda. Kupinda ndiko wanakokuona, kumbe kina ndicho kilichoanza. Angalia pia kama ncha za meno ya mbele zimesagika na kuwa bapa au zimemeguka.

Usisubiri miadi ya kawaida ikiwa ufizi wa kaakaa nyuma ya meno ya juu una alama za meno, kidonda au damu unapokula, au ufizi wa mbele ya meno ya chini unashuka na kuacha mzizi wazi. Hapo suala si sura tena. Meno yanakata nyama inayoyashikilia, na ufizi ulioshuka haurudi wenyewe. Ni rahisi kupuuza kidonda cha namna hii kwa kuwa hakionekani bila kioo na huuma tu wakati wa kula kitu kigumu kama muhogo wa kuchoma au mahindi.

Ukiwa tayari umeanza kurudi

Kama uliacha kuvaa riteina kwa wiki chache na sasa inabana lakini inaingia mpaka mwisho, ivae kila usiku na umpigie daktari simu. Ikiwa haiingii, usiilazimishe; inaweza kuvunjika au kubonyeza meno vibaya. Ichukue ilivyo uende nayo, maana pengo kati yake na meno humwonyesha daktari yamesogea kiasi gani.

Kurudi kidogo kwa kijana kunaweza kutibiwa kwa riteina yenye kizingiti pekee. Kukubwa zaidi huhitaji nyaya tena, kwa muda ambao mara nyingi ni mfupi kuliko wa mara ya kwanza, au maganda ya plastiki yanayobadilishwa hatua kwa hatua. Kwa mtu mzima kuna tahadhari: kuyasukuma meno ya mbele kuelekea mfupani huweza kufupisha mizizi yake, na mizizi hiyo imeshapitia kazi hiyo mara moja. Daktari anapaswa kupiga picha ya eksirei na kuitazama mizizi kabla ya kuanza upya. Asipoitaja, itaje wewe.

Usijaribu kujitengenezea. Kuna watu hufunga mipira midogo kuzunguka meno ya mbele ili kuyavuta. Mpira huo hupanda taratibu kuelekea kwenye mzizi, hupotea ndani ya ufizi na kuukata mfupa. Watu wamepoteza meno mazima ya mbele kwa njia hiyo.

Ukihama au ukipoteza mawasiliano

Madaktari bingwa wa kupanga meno ni wachache Afrika Mashariki na wengi wako katika miji mikubwa. Mtu hutibiwa Nairobi au Dar es Salaam kisha huhamia kwingine kwa kazi au masomo, na hapo ndipo ufuatiliaji hukatika. Kabla ya kuondoka omba nakala ya picha zako na, ikiwezekana, umbo la meno lililotengenezwa baada ya nyaya kutolewa. Daktari wa kawaida wa meno anaweza kuchukua kipimo na kukuagizia riteina mpya ya ganda hata kama hafanyi kazi ya nyaya, lakini mweleze waziwazi kwamba ulikuwa na mfuniko mkubwa, kwa sababu safu iliyonyooka haitamwambia hivyo.

Kwa mtoto anayesoma bweni, tengeneza riteina ya pili mapema ikiwa mfuko unaruhusu, na umpe kisanduku kigumu. Nyingi hupotea zikiwa zimefungwa kwenye karatasi mezani wakati wa chakula na kutupwa pamoja na mabaki. Ioshwe kwa maji ya kawaida na mswaki. Maji ya moto, hata yale ya chai yaliyopoa kidogo, huipinda ile ya ganda, na ikishapinda itayasukuma meno badala ya kuyashikilia.